Nina miaka 27 na nafundisha kemia: nimechelewa kuwa mtafiti wa betri?

*"Shikamoo Daktari. Nina miaka 27. Nilimaliza shahada ya kwanza ya kemia kwa GPA ya 3.9, na huu ni mwaka wa tatu nafundisha kemia na fizikia katika sekondari ya kata wilayani Ulanga, Morogoro. Huku kwetu kila kijiwe ni kinywe (grafaiti) tu: kinywe cha Mahenge kitatengeneza betri za magari ya dunia nzima. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kinywe kinafanya nini hasa ndani ya betri. Nikababaisha, na tangu siku hiyo silali vizuri. Nataka kuwa mtafiti wa malighafi za betri, ila naogopa. Naona umri umekwenda. Chuo nilichosoma hakikuwa na vifaa. Rafiki yangu aliyeko Ulaya anasema lithiamu imeshakwisha kazi, nikimbilie betri zenye elektroliti yabisi, na nisubiri ufadhili wa huko badala ya kusoma uzamili hapa nyumbani. Mjomba naye anasema mwenye PhD ya betri Tanzania ataishia kuuza vocha, bora niombe kazi mgodini. Nifanye nini? Na je, bado kuna cha kugundua, au Wachina wamemaliza yote?"*

Marahaba, mwalimu. Kilichonivutia kwenye barua yako si GPA. Ni kwamba ulibabaisha mbele ya darasa na usingizi ukakukimbia. Nimekaa kwenye majopo ya kutahini tasnifu, nikaona watu wakibabaisha mbele ya maprofesa na usiku wakalala fofofo. Wewe una ugonjwa ambao huwa nautafuta kwa wanafunzi na siupati.

Umeuliza mengi kwa pumzi moja, lakini ninavyosikia mimi, chini yake kuna hofu moja: kwamba utatumia miaka saba au minane ya ujana wako kukimbiza kitu ambacho tayari kina wenyewe. Nitajibu hiyo, na mengine yatajibika njiani.

Umri ndio mwepesi, tuumalize. John Goodenough, ambaye bila kazi yake simu yako isingekuwa nyepesi hivyo, alizaliwa 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshini akitabiri hali ya hewa. Uzamivu wake wa fizikia aliupata Chicago mwaka 1952, miaka thelathini ikimkodolea macho. Kisha akakaa miaka mingi kwenye maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, akichunguza oksidi zenye usumaku kwa ajili ya kumbukumbu za kompyuta, kitu ambacho kwa macho hakina undugu na betri. Alipohamia Oxford 1976 kuongoza maabara ya kemia alikuwa mwanafizikia wa miaka 54. Wakati huo Stanley Whittingham alikuwa ameshatengeneza, akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon, betri ya lithiamu iliyotumia salfaidi ya titani. Ilitoa volti mbili na ushee, na iliwaka moto kiasi kwamba zimamoto walitishia kuidai maabara gharama za dawa za kuzimia. Goodenough alijua kutokana na zile oksidi zake kwamba elektroni ndani ya oksidi zimekaa kwenye ngazi ya chini zaidi ya nishati kuliko ndani ya salfaidi, kwa hiyo oksidi ingestahimili volti kubwa zaidi. Mwaka 1980 yeye na wenzake wakatangaza oksidi ya kobalti na lithiamu: volti nne. Ile ya chuma na fosfeti, ambayo leo imejaa kwenye magari na kwenye betri za sola, ilitoka 1997 akiwa Texas na miaka 74. Nobel ya kemia aliipata 2019 akiwa na miaka 97, pamoja na Whittingham na Akira Yoshino.

Sikuambii usubiri mpaka 97. Nataka uone kwamba uga huu uliinuliwa na mtu aliyekuwa na mguu mmoja kwenye fizikia na mwingine kwenye kemia. Wewe unafundisha yote mawili kila wiki. Saa inayokuhusu kweli ni ya wafadhili: DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Wewe umetumia mitatu.

Sasa lile swali la mwanafunzi wako, maana bila hilo tutakuwa tunaongea hewani.

Chukua penseli. Ile risasi yake ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Ukiichonga ncha zote mbili na kuipitisha kwenye waya wa betri mbili za tochi na kitaa kidogo cha LED, kitaa kinawaka. Darasa zima litaona kwamba kinywe kinapitisha umeme ingawa si metali. Hiyo ni sifa ya kwanza. Ya pili haionekani kwa macho: kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama kurasa za daftari, na ndiyo maana huacha alama kwenye karatasi, kurasa zinateleza. Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu, yaani atomi zilizopoteza elektroni moja, husafiri ndani ya elektroliti, ile dawa ya kati inayopitisha ayoni, kutoka ncha chanya na kujipenyeza kati ya kurasa hizo, huku elektroni zikizunguka kwa nje kupitia waya. Atomi sita za kaboni hupokea lithiamu moja, na daftari hunenepa kwa kama asilimia 10. Ukitumia simu, lithiamu inatoka inarudi kwake. Hesabu ya atomi sita kwa moja ndiyo inayotupa kikomo cha chaji ambayo kinywe kinaweza kubeba: miliampea-saa 372 kwa gramu. Huwezi kukivuka, na mtu akikuambia amekivuka kwa kinywe kitupu, muulize alipimaje. Nitakuambia baadaye kwa nini nasema hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Watu walijua zamani kwamba lithiamu inaweza kuingia kwenye kinywe. Tatizo ni kwamba viyeyushi vya wakati ule viliifuata lithiamu ndani, vikazipasua kurasa, kinywe kikageuka tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Kimoroko mzaliwa wa Fez, Rachid Yazami, akiwa Grenoble, Ufaransa, aliondoa kimiminika akaweka elektroliti ya polima yabisi. Yabisi haiwezi kumfuata mgeni chumbani. Lithiamu ikaingia ikatoka, mara kwa mara, na daftari likabaki daftari. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Draper, wenyewe huiita Nobel ya wahandisi, pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi. Hata hivyo betri ya kwanza ya Sony mwaka 1991 haikutumia kinywe. Ilitumia kaboni ya koki ya mafuta, ambayo haipasuki kirahisi. Kinywe kilibaki benchi mpaka watu walipoelewa kiyeyushi cha ethilini kaboneti kinafanya nini.

Kinachofanyika ni hiki: kwenye chaji ya kwanza, sehemu ya elektroliti inavunjika juu ya kinywe na kuacha ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo inaruhusu ayoni za lithiamu kupita, ila inazuia elektroni na kiyeyushi. Ikiwa nzuri, betri inaishi miaka. Ikiwa mbaya, betri inakufa kabla ya dhamana. Na ngozi haitengenezwi bure: imeumbwa kwa lithiamu iliyotolewa kwenye akiba, na kila kinywe kinaponenepa na kupungua, inachanika kidogo na kujiziba kwa lithiamu nyingine.

Kaa na darasa lako mfanye hesabu hii. Kama katika kila mzunguko wa kuchaji na kutumia unarudishiwa asilimia 99 ya lithiamu, baada ya mizunguko 500 utabaki na kiasi gani? Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 500: haifiki hata asilimia 1. Betri imekufa zamani. Asilimia 99.9 inakuachia kama 61. Asilimia 99.99 inakuachia 95. Tofauti kati ya betri ya kutupa na betri ya kuuza iko kwenye tarakimu ya nne, na tarakimu ya nne haionekani kwa kifaa cha kubahatisha. Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, amejenga jina lake kwa sehemu kubwa juu ya kutengeneza mashine za kupima tarakimu hiyo, ili kujua ndani ya wiki chache betri itakufa lini badala ya kungoja miaka. Tesla wakamfuata kwa mkataba wa utafiti ulioanza 2016. Angalia vizuri, mwalimu: katika hilo hakufuatwa kwa sababu ya madini mapya ya ajabu. Alifuatwa kwa kupima.

Ndiyo maana nakujibu hivi: cha kugundua kipo tele, ila si kile unachokiwazia. Watu wengi wanaonijia wanadhani kazi hii ni kutafuta unga mpya unaoshinda unga wa jana. Unga mpya hutangazwa karibu kila wiki. Wanaojua kwa nini unga unakufa ni wachache, na hao ndio wanaotafutwa.

Nikuonyeshe kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu, kwenye maabara ambayo siitaji, nilitengeneza elektrodi za kinywe. Kazi yenyewe inafanana na jikoni kuliko unavyodhani: unakoroga uji wa unga wa kinywe, gundi na kaboni nyeusi, unaupaka juu ya foili ya shaba kwa kisu maalumu, unakausha usiku kucha kwenye tanuri la ombwe, unakata visahani, unaviingiza kwenye kisanduku cha glavu kilichojaa gesi ya argoni ambamo maji na oksijeni havitakiwi kufika hata sehemu moja kwa milioni. Humo ndani, mikono imevimba ndani ya glavu nene na jasho linatiririka hadi kiwikoni, unapanga vipande ndani ya kikopo bapa cha ukubwa wa betri ya rimoti ya gari, unadondosha elektroliti, unabana. Kisha unangoja. Nilipotoa matokeo, kinywe changu kilikuwa na uwezo wa 410. Kikomo ni 372. Nikampigia mama simu.

Msimamizi wangu hakukasirika. Aliniuliza tu: foili ina uzito gani? Nikajibu wastani niliokuwa nimeupata kwa kupima visahani vitano. Akasema, kapime kimoja kimoja. Kisahani cha shaba cha kipenyo cha milimita 12 na unene wa maikromita 10 kina miligramu 10 hivi. Unga wangu juu yake ulikuwa miligramu 2. Foili ikiwa nyepesi kuliko wastani kwa asilimia 3 tu, yaani miligramu 0.3, mimi naamini unga ni 1.7 badala ya 2, nagawanya kwa namba ndogo, na uwezo unapanda kwa zaidi ya asilimia 17. Huo ndio ulikuwa ugunduzi wangu. Nilirudi kwa mama nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya, hakunisikia vizuri.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi, nao utaukuta kwenye makala nyingi. Seli ndogo za maabara mara nyingi huwekewa upande wa pili metali tupu ya lithiamu, nyingi kupita mahitaji. Kila mzunguko unapopoteza lithiamu kidogo, metali hiyo inafidia kimya kimya. Ni kama mwenye duka anayejazia droo kwa pesa ya mfukoni kila jioni, kisha anajisifu kwamba duka halina hasara. Seli ya kweli, ya kwenye pikipiki, haina mfuko wa pembeni. Ukisoma makala, kitu cha kwanza kutafuta ni hicho: upande wa pili kulikuwa na nini?

Sasa rafiki yako wa Ulaya. Kwanza umwambie taratibu kwamba betri nyingi za yabisi anazozisifia zenyewe ni za lithiamu. Kinachobadilika ni elektroliti. Mwaka 2011 Ryoji Kanno na wenzake Japani walionyesha yabisi ya lithiamu, gerimani, fosforasi na salfa inayopitisha ayoni sawasawa na kimiminika, na dunia ikachangamka kwa haki. Lakini yabisi kugusana na yabisi ni kama matofali mawili bila udongo kati yake: yanagusana kwenye nundu chache tu, na malighafi zinapopumua zinaachana. Inabidi uzibane kwa nguvu muda wote. Aina za salfa zikipata unyevu zinatoa gesi ya yai bovu, ambayo ni sumu. Ni mada nzuri, ina fedha, na kama kundi imara likikuchukua, nenda. Ila usiichague kwa jina. Mada yenye jina kubwa kwenye maabara isiyo na vifaa vyake itakula miaka yako bila huruma.

Upande wa pili kuna betri za sodiamu, ambazo kweli hazina lithiamu. Ncha yake hasi hutengenezwa kwa kaboni ngumu, na kaboni ngumu unaweza kuitoa kwenye vifuu vya nazi au maganda ya korosho ukiwa na tanuri zuri. Huku kwetu imekuwa kama homa. Maoni yangu, na najua baadhi ya wenzangu watanuna: makala za "kaboni kutoka kwenye ganda fulani" zimetosha. Swali ambalo wachache wanalijibu ni kwa nini chaji ya kwanza inameza sodiamu nyingi hivyo, na kama gunia la leo na gunia la mwakani yatatoa kaboni ileile. Ukilishika hilo, ganda lolote litakufaa.

Na Wachina? Wamefika mbali, na kinywe kingi cha betri duniani kinasafishwa na kuviringishwa kwao. Lakini fikiria safari ya kinywe chako cha Mahenge. Kinatoka ardhini kama vipande bapa vinavyong'aa. Kwa betri kinatakiwa kisafishwe mpaka asilimia 99.95, kisagwe kiwe vidonge vya mviringo, kivikwe koti la kaboni. Wakati wa kuviringisha, sehemu kubwa hupotea kama vumbi. Chembe ya chuma ikibaki ndani inaweza kuharibu seli, hata kutoboa karatasi inayotenganisha ncha mbili. Ni uchafu gani uko kwenye mwamba wa Ulanga, unatokaje bila kutumia asidi kali ya floridi, na vumbi lile lifanyiwe nini? Hayo yanataka mtu aliyekaa karibu na mwamba. Kuna lingine: vipimo vingi vya maabara hufanywa nyuzi 25. Pikipiki ya umeme iliyoegeshwa juani Dar es Salaam saa saba mchana haizijui nyuzi 25. Joto linaharakisha ile ngozi kunenepa. Bodaboda za umeme zinazunguka Nairobi na Kigali kila siku, na betri zao zinazeeka kwa namna ambayo vipimo vya nchi za baridi havijaizoea. Mimi ningekuwa na miaka 27 leo, hapo ndipo ningepiga hema.

Kuhusu mahali pa kusoma: usisubiri. Kungoja ufadhili ukiwa mikono mitupu ni kazi isiyo na mshahara. Soma uzamili hapa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, huku unaomba nje. Kimoja hakizuii kingine. Vifaa ni vichache, sikufichi. Lakini uzamili wenye jedwali moja la vipimo unavyoweza kuvitetea unakupa barua ya mapendekezo yenye uzito, na msimamizi wa nje anajua kusoma tofauti. Kwa nje, programu ya uzamili ya Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ya malighafi za kuhifadhi nishati, yenye kitovu chake Amiens, Ufaransa, imetengenezwa kwa watu kama wewe. Ujerumani, Uholanzi na Sweden mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa na kulipwa mshahara. Marekani idara nyingi za kemia hupokea watu wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, bila ada na kwa posho. Watanzania wengi hawalijui hili, wanadhani lazima upitie uzamili kwanza. Na usidharau kusini: Chuo Kikuu cha Limpopo kina kituo cha kuigiza malighafi kwa kompyuta chenye mizizi mirefu kwenye manganisi, na Michael Thackeray, aliyefungua njia ya betri za manganisi pamoja na Goodenough mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitokea maabara ya Pretoria kabla ya kwenda Oxford na hatimaye maabara ya Argonne, Marekani. Wakala yeyote akikudai pesa ili akupatie ufadhili, funga simu.

Mjomba wako hajakosea kabisa. Nchini kwetu hakuna kiwanda kikubwa cha seli za lithiamu kinachokungoja. Hata huko nje ajira inapanda na kushuka kama bei ya korosho: kampuni ya betri ya Britishvolt ya Uingereza iliporomoka Januari 2023, na Northvolt ya Sweden, iliyokuwa tumaini la Ulaya, ikafilisika Machi 2025. Exxon yenyewe iliacha betri za Whittingham mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta yaliposhuka bei. Ukijifunza betri ya aina moja tu, utaanguka nayo. Ukijifunza elektrokemia, kusoma fuwele kwa eksirei, kupima ukinzani kwa masafa tofauti, na kuandika programu ndogo ya kuchambua data, mikono hiyo inatakiwa kwenye kutu za mabomba, usafishaji wa maji, maabara za madini na viwango. Kwa hiyo hata mgodi si adui. Wakikupa nafasi ndani ya maabara yao ya uchenjuaji, ichukue mwaka mmoja au miwili ukiwa na daftari lako, na huo utakuwa mwanzo wa tasnifu. Wakikupa ofisi ya kugonga mihuri, baki na wanafunzi wako.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia nikiwa mbali. Kama wewe ni mtumishi wa umma, nenda mwenyewe kwa afisa utumishi wa halmashauri uulize utaratibu wa ruhusa ya masomo kabla hujajaza fomu yoyote. Kuondoka kimya kimya kumewagharimu wengi ajira. Nenda chuoni kwako ukaonane uso kwa uso na mwalimu aliyekusimamia mradi wa mwaka wa mwisho. Barua pepe yake imejaa, lakini mlangoni hatakukimbia. Na ukipata msimamizi mtarajiwa, popote pale, usikubali kabla hujazungumza na wanafunzi wake wawili bila yeye kuwepo. Uliza wangapi wamemaliza, na kwa miaka mingapi. Seli inayochukua saa kumi kwa mzunguko inahitaji karibu miezi saba kufika mizunguko 500; msimamizi anayekuahidi matokeo ya mizunguko 500 kwa muhula mmoja ama hajawahi kuifanya kazi hiyo, ama ameisahau. Uzamivu pia una upweke wake, hasa ugenini wakati wa giza la Desemba. Ukifika huko na mwili ukagoma kuamka siku nyingi mfululizo, nenda kwa mshauri wa chuo, usijitibu kwa kufanya kazi zaidi.

Jambo moja la hatari: usifungue betri ya simu au ya kompyuta darasani, hata kama fundi wa Mahenge mjini anafanya hivyo kwa meno. Chumvi iliyomo kwenye elektroliti ikikutana na unyevu hutoa asidi ya floridi, inayopenya ngozi, na seli yenye chaji ikitobolewa inaweza kuwaka mikononi. Penseli inatosha.

Na usingoje barua ya chuo ndipo uanze. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford, MIT na taasisi ya utafiti ya Toyota walitoa hadharani data za seli 124 za chuma na fosfeti, zilizochajiwa na kutumiwa mpaka zikafa. Nyingine zilikufa baada ya mizunguko 150 hivi, nyingine zilifika 2,300. Walionyesha kwamba kwa kuangalia mizunguko 100 ya mwanzo tu, kabla uwezo haujashuka kwa namna ya kuonekana, unaweza kukadiria seli itakufa lini kwa kosa la asilimia 9 hivi. Data ni bure, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Mafaili ni mazito, kwa hiyo yapakue ukiwa Ifakara au Morogoro mjini penye mtandao wa maana. Chora mstari wa volti na chaji wa mzunguko wa 10 na wa 100 wa seli moja juu ya grafu moja, halafu fanya hivyohivyo kwa seli iliyoishi muda mrefu zaidi. Ukimaliza nitumie picha ya michoro hiyo miwili, na uniandikie chini yake ni kitu gani ndani yake hukiamini.